Kucheka na Mtu, au Kumcheka Mtu?

Tukiri mapema, mama msomaji, usije ukatudhania kuwa watakatifu kupita kiasi: nyumbani kwetu tunapenda sana katuni na vichekesho. Gazeti likiingia mlangoni, habari za siasa husubiri. Kinachotafutwa kwanza ni katuni. Na kipindi cha vichekesho kikianza kwenye televisheni, mboga huungua jikoni na hapatikani wa kulaumiwa, kwa kuwa sote tulikuwa sebuleni.

Wapo ndugu zetu kanisani wanaoona kwamba Mkristo hapaswi kupoteza muda kwa mambo ya namna hiyo. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mithali 17:22 inaufananisha moyo wenye furaha na dawa, na nyumba isiyocheka kamwe ni nyumba ya kuhurumiwa. Hata hivyo, dawa nayo ina kipimo chake, na wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Mwezi huu tungependa kukusimulia jinsi usaha huo ulivyotumbuka katika nyumba yetu wenyewe.

Tulivyolelewa na katuni

Sisi tulikulia kaskazini mwa Tanzania, na elimu yetu ya vichekesho ilianzia magazetini. Wazazi wetu walikuwa wakimsimulia Chakubanga, yule mtu wa kawaida aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Jina lake lilizoeleka mno hata watu wengine wakawa wanaita kila katuni "Chakubanga".

Kisha likaja Sani. Gazeti hilo lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Nakala moja ilipita mikono kumi kabla ya kuchakaa. Humo tulikutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa na yule mtoto mtundu Madenge. Kwa wenzetu wa Kenya, gazeti la Taifa Leo lilikuwa na Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau kwa miongo kadhaa.

Hebu tazama majina hayo. Ndumilakuwili ni mtu wa ndimi mbili. Lodi Lofa ni bwana mkubwa asiye na kazi wala bazi. Juha ni juha. Wachoraji wale walichora tabia, nasi tulipocheka tulikuwa tukiicheka tabia ambayo hata sisi tulikuwa nayo kidogo. Ndiyo maana baba yetu alipotaka kumkanya mmoja wetu kwa uvivu, hakuhitaji hotuba ndefu. Alimwita Lodi Lofa, basi, na fagio likashikwa.

Hali kadhalika na hekaya za Abunuwasi, ambazo watu wa pwani walisimuliana vizazi na vizazi. Mwaka 1996 shirika la Sasa Sema la Nairobi lilizitoa baadhi yake katika kitabu cha katuni kilichochorwa na Gado, Mtanzania aliyejipatia jina huko Kenya. Hekaya tunayoipenda zaidi ni ile ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akidai kwamba ile kubwa imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Safari ya pili Abunuwasi hakurudisha kitu, akasema sufuria imekufa. Jirani alipong'aka, akaulizwa: uliyekubali kwamba sufuria huzaa, mbona hukubali kwamba hufa? Anayechekwa hapo ni tamaa, na tamaa haina kabila.

Mzee Ojwang na Mama Kayai

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla ya hapo, wachache huko kwetu kaskazini walisimamisha antena juu ya milingoti mirefu ili kunasa matangazo ya Kenya. Mtaa mzima ulijazana katika sebule moja kutazama Vitimbi, picha ikiwa na chembechembe kama mvua ya mawe.

Nyota wa Vitimbi alikuwa Mzee Ojwang, pamoja na Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo. Mzee alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na lafudhi hiyo ilituvunja mbavu. Lakini mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu! Hata hivyo, alipofariki Julai 2015, alililiwa na Wakenya wa makabila yote, Wajaluo wakiwemo.

Tumelitafakari sana jambo hilo. Kwa nini lafudhi ile haikuwaudhi wenyewe? Tunavyoona sisi, ni kwa sababu Mzee Ojwang hakuwekwa mbele ya watu kama takataka. Alikuwa baba mwenye nyumba, mwenye hila na majigambo, mwenye kushindwa leo na kuibuka kesho. Tulimpenda kwanza, ndipo tukacheka. Naye Mama Kayai, iliyochezwa na Mary Khavere, hakuwa mke wa kupigiwa kelele tu. Mzee akijifanya mjanja, mama alikuwa na jibu lake. Mama zetu waliocheka sebuleni mle walikuwa wakijiona wenyewe, na walipenda walichokiona.

Jioni ya sura ya 18

Sasa tuje kwenye kisa chetu. Miaka michache iliyopita tulikuwa na binti aliyetusaidia kazi za nyumbani. Watoto walimwita Dada. Alitoka kijijini, na katika lugha yake ya kuzaliwa R na L hazitofautishwi. Kwake kalamu ilikuwa karamu, na kura ilikuwa kula. Hatukuona tatizo lolote. Alikuwa na sauti nzuri, na ndiye aliyetuanzishia wimbo katika sala za jioni.

Siku hizo kulikuwa na kipindi kimoja cha vichekesho, ambacho hatutakitaja, kilichokuwa na msichana wa kazi anayechanganya herufi, anayevunja vyombo na kupigwa makofi kila juma. Hakuwa na lingine. Hatukujua kwao ni wapi, wala anawaza nini. Kazi yake ilikuwa kukosea na kuchekwa. Watoto wetu walikipenda, nasi tulikitazama pamoja nao.

Jioni moja katika sala za nyumbani tulifika Mwanzo sura ya 18, na zamu ya kusoma ilikuwa ya Dada. Kila alipofika kwenye jina la Sara, alisoma Sala. Mara ya tatu, kitinda mimba wetu aliitikia kwa sauti ya yule msichana wa kwenye televisheni, neno kwa neno. Watoto wakaangua kicheko. Na sisi wazazi, badala ya kukemea, tulifunika midomo kwa mikono, mabega yakitikisika.

Dada alimaliza sura ile kwa sauti ndogo, akafunga kitabu. Jioni iliyofuata zamu yake ilipofika alisema, "Mniruke, Mama." Ikawa hivyo na siku nyingine. Wimbo nao akaacha kuuanzisha. Wiki ya tatu alitufuata jikoni, akaomba nauli ya kurudi kwao.

Tulimuuliza kama ni watoto waliomuudhi. Jibu lake hatujalisahau hadi leo. "Watoto ni watoto, Mama," alisema. "Lakini hata ninyi mlicheka."

Kicheko cha Sara

Usiku ule tuliirudia habari ya Sara peke yetu. Katika sura ya 18 anacheka kwa siri, nyuma ya mlango wa hema, kisha anaogopa na kukana. Katika sura ya 21 anacheka waziwazi akiwa na mtoto mikononi, na anatarajia kila asikiaye acheke pamoja naye. Jina la Isaka lenyewe lina maana ya kucheka.

Lakini sura hiyo hiyo ya 21 ina neno jingine. Katika nyumba ile iliyojaa kicheko paliingia dhihaka, na mambo yalipoharibika, aliyeondoka na mkate na kiriba cha maji alikuwa Hajiri, mjakazi wa nyumba. Tuliposoma hapo, tuliikumbuka ile nauli.

Lugha yetu ya Kiswahili inatofautisha mambo haya kwa silabi moja tu. Kucheka na mtu ni jambo moja. Kumcheka mtu ni jambo jingine kabisa. Anayecheka nawe amekaa kwenye mkeka mmoja nawe. Anayekucheka amesimama.

Mtani hujibu

Huenda mtu atasema, "Mbona sisi Waafrika tuna utani tangu zamani? Mbona Mnyamwezi na Mzaramo wametaniana siku zote na hakuna aliyeomba nauli?" Ni kweli. Watani huambiana maneno makali hata msibani, mbele ya wafiwa. Lakini utani una sheria zake. Mtani unayemtania leo atakutania kesho, nawe huna ruhusa ya kununa. Na mtani huyo anayechekesha msibani ndiye anayekutumikia siku hiyo ya msiba. Maneno yake yana mikono nyuma yake.

Msichana wa kazi angetujibuje sisi? Chakula chake, kitanda chake na mshahara wake vilikuwa mikononi mwetu. Mzaha ambao mmoja anaruhusiwa kusema na mwingine anatakiwa kunyamaza si utani. Huo ni uonevu, hata kama nyumba nzima inacheka.

Tulichofanya

Tulimwomba Dada msamaha mbele ya watoto. Baba watoto alianza, nasi tukafuata, na haikuwa rahisi. Hatukufunga televisheni, maana kosa halikuwa la kioo kile tu. Tuliwaeleza watoto kwamba kipindi kile hakitatazamwa tena nyumbani kwetu, na kwa nini. Kisha tulijiwekea maswali matatu ambayo mpaka leo tunayatumia kwa katuni, kwa televisheni, na kwa vichekesho vifupi vinavyosambazwa siku hizi kwenye simu.

Kwanza, anayechekwa anachekwa kwa alilolitenda au kwa alivyozaliwa? Ulafi, majigambo na unafiki ni halali ya wachekeshaji. Mguu mfupi, ngozi, lafudhi na umaskini si matendo.

Pili, kama mtu wa namna hiyo angekuwa ameketi nasi sebuleni, angecheka pia? Tukijikuta tunapunguza sauti kwa sababu fulani anapita, jibu tumeshalipata.

Tatu, huyo anayechekwa ana nafasi ya kujibu? Mama Kayai alikuwa nayo. Msichana yule wa kipindi hakuwa nayo.

Usidhani kwamba maswali haya yameinyamazisha nyumba yetu. Filamu za hayati King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, tungali tunazitazama. Mzee yule alijua kuufanya uso wake mwenyewe uwe kichekesho. Tuliwafurahia pia vijana wa Ze Comedy, waliokuja kujulikana kama Orijino Komedi. Mmoja wao, Emmanuel Mgaya, ambaye wengi wanamfahamu kama Masanja Mkandamizaji, amekuwa mwimbaji wa nyimbo za Injili na mhubiri. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kicheko na madhabahu ni maadui.

Chenji

Dada hakuondoka. Lakini usidhani msamaha ulimaliza mambo siku ile ile. Ilipita karibu miezi miwili kabla ya kushika tena Biblia zamu yake ilipofika. Tulingoja. Mwenye jeraha ndiye ajuaye limepona lini.

Kisha ikaja jioni moja, tukiwa tumemaliza kutazama filamu ya Majuto. Watoto walikuwa wakiigizana, huyu akimwiga mwalimu wake, yule akimwiga kondakta wa daladala. Ghafla Dada akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuhesabu noti za hewani. Akahesabu mara moja, akatazama dari, akahesabu tena, akamtumbulia macho muuza duka asiyekuwepo, akaanza upya. Hakusema neno. Hakukuwa na haja, kwa maana kila mmoja mle ndani alitambua ni nani huyo anayehesabu chenji namna hiyo. Ni sisi, mama mwenye nyumba.

Baba watoto alicheka hadi akatoka machozi. Watoto waligaagaa sakafuni. Sisi tulihisi uso ukipata moto, na kwa nukta moja tukaonja kile tulichomwonjesha yeye. Kisha tukamwona Dada anatutazama, akingoja kuona kama ana ruhusa. Tukacheka. Tulicheka kwa kuwa ni kweli ndivyo tunavyohesabu, na kwa kuwa hatimaye amejibu.

Leo ameolewa na ana nyumba yake. Hupiga simu mara kwa mara. Huanza kwa shikamoo, huuliza hali ya Baba na ya watoto mmoja mmoja kwa jina, nasi huuliza ya kwake. Salamu zikiisha hunyamaza kidogo, kisha huuliza kwa upole, "Mama, chenji imetimia?"

Mungu aibariki nyumba yako, mama msomaji, na ainyime dhihaka, bali aijaze kicheko.