Kabla ya kupeleka tena sabuni na chumvi kwa wazee



Munakumbuka Bonane iliyopita tulienda kutembelea nyumba moja ya wazee hapa Bukavu. Tulipeleka sabuni, chumvi, mchele, vitenge, na tukapiga picha nyingi. Kulikuwa pia nyama ya kuchoma. Mimi njo nilimpatia muzee mumoja kipande, akiwa amelala nusu kwenye kitanda. Akaanza kukosa pumzi. Mama mumoja anayefanya kazi pale akakimbia, akamwinamisha mbele, akampiga mgongoni katikati ya mabega mpaka nyama ikatoka. Alipona. Kwenye picha zetu ile haionekani.

Nilirudi pale Januari, kwanza juu ya haya, kisha juu ya bustani ya mboga waliyoniomba. Mimi ni mutu wa agronomi, si muganga. Haya ninayoandika yule mama njo alinifundisha, kisha nikauliza waganga na kusoma.

Kosa langu lilikuwa rahisi. Muzee mwenye kumeza kwa shida anakaa wima kabisa, anapewa kijiko kidogo, unangoja ameze kabla ya kumpa kingine. Akimaliza, asilale mara moja; anabaki amekaa karibu nusu saa. Chakula kikipita njia ya pumzi kinaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, hata kama hakikumkaba siku ile.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi ni vidonda vya kulala. Nilifikiri vinatoka kwa uchafu. Hapana. Nyama ya mwili inabanwa kati ya mfupa na matela, damu haipiti, na ile sehemu inaanza kufa: chini ya mgongo, kwenye nyonga, kwenye visigino. Vitabu vinasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani vizuri. Inaomba kugusa: pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kimeanza. Kanuni wanayofuata pale ni kumgeuza kila masaa mawili.

Sasa tupige hesabu, sisi tuliosoma. Pale kuko wazee 12 wasioweza kujigeuza. Kutoka jioni saa kumi na mbili mpaka asubuhi saa kumi na mbili, kila mutu anageuzwa mara 6. Jumla ni mara 72. Kila mara dakika 5, na inaomba watu wawili: dakika 360, ni kusema masaa 6, bila kuhesabu kubadilisha mashuka yaliyoloa. Usiku pale kuko paka mama mumoja na mulinzi wa mlango. Mulinzi naye anasaidia kugeuza, na wakati ule mlango unabaki peke yake. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Vizuri. Lakini saa nane ya usiku katiba haigeuzi mutu.

Na musifikiri ni umasikini tu. Mwaka 2022 kule Ufaransa, mwandishi Victor Castanet alitoa kitabu Les Fossoyeurs juu ya nyumba za kundi la Orpea, mahali familia zilikuwa zinalipa pesa nyingi. Aliandika kwamba mapampasi na chakula vilikuwa vinapimwa ili kupunguza gharama. Kuta zilikuwa nzuri sana. Kilichopungua ni mikono na vitu vya kila siku, ambavyo mgeni wa saa moja havioni.

Maji pia. Muzee hasikii kiu kama sisi, na wengine wanakataa kunywa makusudi ili wasiombe kupelekwa msalani. Kisha anaanza kusema mambo yasiyoeleweka, na kwetu huku mara moja watu wanaanza kusema uchawi. Mara nyingine ni ukosefu wa maji tu. Dawa yake ni kikombe kidogo kila mara, na kaye ya kuandika nani amekunywa. Kwenye pepinieri tunaandika siku ya kumwagilia miche. Basi hata mutu?

Juu ya chakula ninaweza kusema kama mutu wa kazi. Muzee wa kilo 50 anahitaji protini gramu 50 mpaka 60 kwa siku, na meno hana. Bugali na mchuzi wa sombe haifiki. Uji wa sosoma, yaani mtama, soya na mahindi, unasaidia, lakini soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa: ikiwa mbichi inazuia tumbo kuvunja protini. Kwenye bustani niliacha mpango wangu wa kabichi. Nimepanda lenga-lenga na maboga, vitu vinavyopondeka.

Komite imetangaza kotizasio ya Bonane. Ninaomba mwaka huu tusinunue vitenge. Tuulize masere kwanza, lakini pendekezo langu ni mushahara wa mutu wa pili wa usiku, kwa miezi tutakayoweza. Picha hazitakuwa. Yule muzee wa nyama bado yuko; Jumamosi iliyopita nilimlisha uji, kijiko kwa kijiko, ikachukua dakika 40. Kuko nafasi ya watu wengine Jumamosi.