Ujumbe Unaotoka Kitambini

Kwa muda mrefu mafuta ya mwili yalihesabiwa kuwa akiba tu: ukila kupita mahitaji yanaongezeka, ukishinda njaa yanapungua. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na mwenzao, wakiwa Boston, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatoa kwa wingi TNF-alfa, protini ambayo chembe za kinga huitumia kuitana penye jeraha au vijidudu. Walipoizima, insulini ya panya hao ikafanya kazi vizuri zaidi. Jeraha halikuwapo, wala vijidudu. Kulikuwa na unene tu.

Miaka kumi baadaye, timu mbili za Marekani zilitambua nani hasa anapiga kelele humo. Ni makrofaji, chembe za kinga zinazomeza uchafu. Kwa mtu mwembamba hazifiki asilimia 10 ya chembe zilizomo katika mafuta. Kwa mtu mnene sana zinaweza kukaribia asilimia 40. Chembe ya mafuta ikijaa kupita kiasi huzidiwa, nyingine hufa, na makrofaji huizunguka ile iliyokufa ili ziisafishe. Zikiwa kazini hutoa TNF-alfa na wenzake. Huo ndio mchochota wa unene: hauna homa wala maumivu, nao hudumu miaka.

Madhara yake hutokea ndani kabisa ya chembe. Insulini ikishafika mlangoni, amri yake ya kupokea sukari hupokezwa kutoka protini moja hadi nyingine, kama ndoo za maji kwenye mstari wa wazima moto. TNF-alfa huamsha vimeng'enya viitwavyo JNK na IKK, navyo humbana mpokezi mmoja muhimu asiweze kupitisha ndoo. Sukari inabaki kwenye damu. Kongosho huongeza insulini, na kwa baadhi ya watu mwishowe huelemewa. Mafuta yaliyozunguka utumbo ni mabaya zaidi, kwa kuwa damu yake huenda moja kwa moja kwenye ini.

Basi si tuuzime tu mchochota? Hapa ndipo wauza chai za kukata kitambi wanaporahisisha mambo mno. Dawa za jamii ya aspirini zimejulikana kupunguza sukari ya wagonjwa wa kisukari tangu karne ya 19, lakini kwa kiasi kidogo. Canakinumab, dawa inayozuia ujumbe mwingine wa mchochota, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo zaidi ya 10,000; matokeo yalionyesha kwamba ilipunguza mashambulizi ya moyo, ila haikuzuia kisukari kipya. Tena panya waliozuiwa mchochota ndani ya mafuta yao walipolishwa hadi wakanenepa, mafuta yaliwajaa kwenye ini, kwa sababu tishu ya mafuta huhitaji mchochota kidogo ili ijipanue vizuri.

Mfano ninaoupenda zaidi wa ugumu huu ni intalukini-6, protini nyingine ya ujumbe. Mafuta ya mtu mnene huitoa, nayo huhesabiwa miongoni mwa wabaya. Lakini misuli inayofanya kazi nayo huitoa. Huko Denmark, watu wenye vitambi waliendesha baiskeli za mazoezi kwa wiki 12, baadhi yao wakipewa dawa ya kuizuia intalukini-6. Wenzao waliopewa dawa bandia mafuta yao ya tumboni yalipungua. Ya waliozuiwa intalukini-6, kwa jasho lilelile, hayakupungua.