Mbegu ya Kununua, Mbegu ya Kuweka

Msimu A wa kupanda unapokaribia, mwezi wa Septemba, familia nyingi za Gitega na Muyinga, nchini Burundi, huwa na fedha ya kununulia mbegu ya zao moja tu. Ushauri wangu: fedha hiyo iende kwenye mahindi, maharagwe yatoke ghalani. Sababu imo ndani ya ua.

Ua la haragwe hujichavusha kabla halijafunguka vizuri. Nyuki akifika, kwa kawaida kazi imekwisha. Kwa hiyo punje uliyovuna hufanana na mama yake, na kilo 20 hivi zinazotosha robo hekta zinaweza kununuliwa mara moja zikatumika misimu kadhaa. Kinacholazimisha kununua upya ni magonjwa, kama chule, yanayosafiri ndani ya mbegu. Mmea uliougua usitoe mbegu, na punje zenye madoa ziende chunguni.

Mahindi ni kinyume kabisa. Mbelewele ziko juu, ndevu ziko chini, na upepo ndio mshenga. Karibu kila punje ina baba kutoka mmea mwingine, pengine wa shamba la jirani. Mmea uliozoea kuzaa na wageni huficha kasoro nyingi za kurithi. Ukiulazimisha kujichavusha, kasoro hujitokeza na watoto hudumaa. Charles Darwin aliipima tofauti hiyo kwa mimea mingi, mahindi yakiwemo, akachapisha matokeo mwaka 1876. Maharagwe yalikwisha kulipa gharama hiyo zamani: katika vizazi vingi vya kujichavusha, mimea yenye kasoro kali ilikufa bila kuacha mbegu.

Mahindi chotara hutokana na siri hiyo hiyo ya kujichavusha na kuchanganyika. Koo mbili zilizodhoofishwa kwa kujichavusha huchanganywa, na watoto wao huja na nguvu kubwa. Wajukuu hawairithi yote, ndiyo maana punje za chotara ulizovuna mwenyewe huota shamba lisilolingana. Basi kilo 6 hivi za robo hekta ni gharama ya kila msimu, na bila mbolea ya kutosha sioni inavyorudi. Asiye na fedha ya mbolea achukue mbegu ya kawaida isiyo chotara. Bei yake ni nafuu, tena huwekwa misimu miwili mitatu, mradi achague mahindi kutoka mimea mingi ya katikati ya shamba.

Swali hilo hilo la kununua au kuweka lipo kwa parachichi, ila hapa hesabu ni ya miaka. Ua lake hufunguka mara mbili: kwanza likiwa la kike, hufunga, kesho yake hufunguka likiwa la kiume. Aina ya Hass huwa ya kike asubuhi, saa ambayo aina ya Fuerte inatoa chavua; alasiri hubadilishana zamu. Kokwa haigharimu kitu, lakini kwa mchanganyiko huo wa chavua hujui mti wake utazaa tunda gani. Mche uliobebeshwa una bei, ila unajua unachonunua, na hutangulia kuzaa kwa miaka. Ukinunua miche kumi ya Hass, ongeza mmoja wa Fuerte katikati, isipokuwa jirani wa karibu tayari anao.