Mtoto amepona magoti, kwa nini bado anachomwa sindano?

Wazazi wengi wanaotoka kliniki za moyo huuliza swali hili, na wana haki ya kuuliza. Mtoto alilazwa magoti yamevimba na homa imempanda. Daktari akasema ni homa ya baridi yabisi, na kwamba moyo umeguswa. Wiki chache baadaye mtoto yuko uwanjani anacheza mpira na wenzake. Wewe umepewa kadi na kuambiwa umrudishe kila baada ya siku 28 achomwe penisilini, na si kwa mwaka mmoja wala miwili. Mwezi wa kwanza unaenda, wa pili unaenda. Ikifika wa sita nauli imepanda, shule imefunguliwa, mtoto analia akiliona tu geti la hospitali, nawe unajiuliza: huyu si amepona?

Magoti yamepona. Moyo ni habari nyingine.

Ugonjwa huu huanzia kooni. Kuna bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A, ambaye huwapata sana watoto wa kati ya miaka 5 na 15, hasa wanaolala wengi chumba kimoja au kubanana darasani. Anapoingia kooni, mwili hutengeneza askari wa kupambana naye. Tatizo ni kwamba bakteria huyu ana sehemu zinazofanana na nyama za mwili wetu wenyewe. Kwa baadhi ya watoto, wiki mbili hadi nne baada ya koo kupona, askari hao huanza kushambulia viungo, ngozi, ubongo na moyo. Leo goti la kulia linauma, keshokutwa limepona na kifundo cha mguu wa kushoto ndicho kimevimba.

Viungo vikishapona haviachi alama, lakini milango ya moyo, yaani valvu, hubaki na makovu. Kuna milango minne, na unaoumia zaidi ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Kovu linaweza kuufanya usifunge vizuri, damu ikarudi nyuma, au uwe mgumu na mwembamba, damu ikapita kwa shida. Damu hiyo inayokwama hurudi kujaa kwenye mapafu. Hapo ndipo mgonjwa anaanza kuhema akipanda ngazi, kukohoa usiku, na kushindwa kulala bila mito miwili au mitatu. Lakini hali hiyo huweza kuchukua miaka mingi kufika. Katikati yake kuna mtoto anayeonekana mzima kabisa.

Sasa elewa kazi ya sindano. Haifuti kovu lililopo, na wala haitibu magoti. Kazi yake ni kuzuia bakteria yule asipate nafasi kooni tena, kwa sababu mwili ulioshambulia moyo mara moja huelekea kurudia, na kila shambulio huongeza kovu juu ya kovu. Ndiyo maana unaambiwa umlete akiwa mzima.

Kama unataka ushahidi wa karibu na nyumbani, upo Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watafiti waliwapima watoto kwa kipimo cha eko, kile cha kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, wakapata waliokuwa na dalili za mwanzo kwenye milango ya moyo bila wao wala wazazi wao kujua. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja likachomwa penisilini kila wiki nne, jingine likafuatiliwa bila sindano. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2021. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa na ugonjwa katika kundi la sindano walikuwa 3 kati ya 399. Kwenye kundi lisilochomwa walikuwa 33 kati ya 400. Hao nao walikuwa watoto wanaokimbia na kucheza kama wa kwako.

Wenye bahati ni wale ambao mambo hukatishwa mapema, kooni. Koo la mafua, lenye kikohozi na makamasi, kwa kawaida huletwa na virusi na halihitaji antibiotiki. La kutilia shaka ni lile linalokuja ghafla na homa, kumeza kunauma, tezi za shingoni zimevimba, pengine na utando mweupe kwenye mafindofindo, bila kikohozi. Mpeleke mtoto zahanati. Tiba ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya baridi yabisi. Akipewa vidonge au dawa ya maji, anywe siku 10 zote. Siku ya tatu atakuwa ameshachangamka, na hapo ndipo chupa huwekwa kabatini ikisubiri mdogo wake augue. Usifanye hivyo.

Na kukata kimeo hakumwondoi bakteria huyu. Kunamwachia mtoto kidonda kooni, na wapo wanaovuja damu hadi kulazwa.

Kuna dalili nyingine ambayo inawaponza watoto shuleni. Ugonjwa ukigusa ubongo, mikono na uso wa mtoto huanza kucheza wenyewe. Anadondosha vikombe, mwandiko unaharibika, analia au kucheka bila sababu. Nyumbani anaambiwa ana mapepe, shuleni anachapwa, na wengine hupelekwa kuombewa majini. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa moyo. Vilevile anayeumwa viungo vinavyohamahama asiishie kutibiwa malaria na taifodi kila mara. Inaweza pia kuwa selimundu, ambayo nayo ina kipimo chake, kwa hiyo usikisie.

Turudi kwenye kadi yako. Wengi husikia "kila mwezi", wakaenda tarehe ileile ya kila mwezi. Kila siku 28 ni mara 13 kwa mwaka, si 12. Zile siku mbili tatu zinazozidi si ndogo, kwa sababu dawa hupungua mwilini kadiri wiki ya nne inavyoisha. Wengine daktari huwaandikia kila wiki tatu. Hesabu kwa siku, na chagua siku moja ya wiki isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi.

Sindano hii inauma, tusidanganyane. Dawa ni nzito na huingizwa kwenye msuli. Lakini maumivu yanapunguzika, na una haki ya kumwomba muuguzi: chupa isitoke moja kwa moja kwenye jokofu, spiriti iachwe ikauke kwanza, dawa isukumwe taratibu. Vituo vingine huchanganya na dawa ya ganzi. Mtoto ale na anywe maji kabla ya kwenda, na ajilaze anapochomwa. Kisha msubiri hapo hapo kama nusu saa, kwa sababu wapo wachache ambao penisilini inawadhuru na msaada unatakiwa uwe karibu. Anayedhurika nayo hupewa dawa nyingine ya vidonge. Na mgonjwa ambaye moyo umeshachoka sana, daktari anaweza kuamua ameze vidonge badala ya kuchomwa. Uamuzi huo si wako wala si wa jirani aliyesikia habari ya mtoto wa mtu.

Hadi lini? Ambaye moyo haukuguswa, miaka 5 au hadi afikishe miaka 21, ule muda ulio mrefu zaidi. Ulioguswa ukapona, miaka 10 au hadi miaka 21. Aliyebaki na kovu huendelea miaka 10 au hadi umri wa miaka 40, na wengine maisha yote. Ni muda mrefu, lakini pima na upande wa pili.

Upande wa pili ni upasuaji. Leo hauhitaji tena kupelekwa India kwa kila mgonjwa: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, inafungua vifua na kubadilisha valvu. Mlango uliokuwa mwembamba mara nyingine hupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Ulioharibika zaidi hurekebishwa au kubadilishwa. Valvu ya chuma hudumu miongo mingi, lakini mgonjwa atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku ya maisha yake. Ikizidi anavuja damu, ikipungua damu inaganda juu ya valvu na anaweza kupata kiharusi. Lazima apime damu mara kwa mara, asimeze dawa za maumivu kama diklofenaki kiholela, na mboga za majani ale kwa kiasi kilekile kila wiki. Si kuacha mchicha na kisamvu mwezi mzima, kisha kula sufuria sikukuu ikifika. Valvu ya nyama, ya ng'ombe au nguruwe, haihitaji warfarini ya kudumu, ila kwa kijana huchakaa mapema na kifua hufunguliwa tena. Kama dini yako inaleta swali hapo, muulize daktari ni ya mnyama gani kabla ya siku ya upasuaji.

Mwenye binti asikilize zaidi. Ujauzito huongeza damu mwilini, na mlango mwembamba ambao haukuwahi kumsumbua unaweza kumlemea ghafla miezi ya katikati. Warfarini nayo inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Binti mwenye tatizo la valvu azungumze na daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba. Mazungumzo hayo yaanze angali anasoma, hata kama mama unaona aibu.

Meno nayo yapigwe mswaki asubuhi na jioni, kwani bakteria wa jino bovu wanaweza kuhamia kwenye valvu. Akienda kung'oa jino, mweleze daktari wa meno kuhusu moyo kabla hajaanza.

Wanaoenda shule ya bweni ndio hupotea zaidi. Kabla hajafungua shule, nenda na kadi kwa matroni au patroni, ulizia zahanati iliyo karibu kama ina dawa na mtu wa kuchoma, na mwache na tarehe zote za muhula zimeandikwa. Akipitiliza siku, apelekwe siku hiyohiyo mnayokumbuka. Asisubiri tarehe inayofuata.