Ufa wa Miaka 9 Ndani ya Simu: Kwa Nini Usibonyeze "Baadaye"

Unaijua ile notisi. Uko kwa matatu, unataka tu kutuma pesa haraka, na simu inakuambia kuwa sasisho la usalama liko tayari. Bando imebaki kidogo, betri iko chini, kwa hivyo unabonyeza "Baadaye". Wiki inapita, mwezi unapita, na simu bado inafanya kazi vizuri tu. Sasa haja iko wapi?

Haja ipo, na inaanzia chini kabisa ya simu yako.

Kiini cha simu ni nini?

Kila simu ya Android inaendeshwa na Linux. Hiki ndicho kiini cha mfumo mzima, au kerneli kama mafundi wanavyokiita. Apu ikitaka kamera, ikitaka kusoma faili au kutumia intaneti, lazima ipitie kwa kiini. Ndicho pia kinachozuia apu ya mchezo isichungulie mambo ya apu yako ya pesa. Ni kama askari wa ploti mwenye funguo za nyumba zote: akidanganywa yeye, kufuli lako halisaidii sana.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Msimbo wake uko wazi, yaani mtu yeyote anaweza kuusoma na kupendekeza marekebisho. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10 hivi. Wiki 2 za kwanza ni za kupokea mambo mapya. Zinazobaki ni za kujaribu na kurekebisha hitilafu.

Toleo likishatoka, kazi haijaisha. Matoleo ambayo watu tayari wanatumia huendelea kupokea marekebisho madogo madogo. Kanuni ya wasimamizi wake ni kwamba rekebisho moja lisizidi mistari 100, na litatue tatizo la kweli. Badiliko dogo ni rahisi kulikagua, na likileta shida ni rahisi kuliondoa.

Hitilafu iliyojificha

Hata kwa utaratibu huo, kuna ufa uliokaa ndani ya Linux miaka 9. Unaitwa Dirty COW.

Fikiria daftari la mweka hazina wa chama. Kila mwanachama anaruhusiwa kulisoma, lakini anayetaka kuandika chochote anapewa fotokopi yake. Daftari lenyewe haliguswi. Linux hufanya vivyo hivyo na faili nyingi. Sasa, ilibainika kwamba programu ikiandika kwenye fotokopi na wakati huo huo ikiitupa, tena na tena kwa kasi, kuna nukta ambapo maandishi yanaangukia kwenye daftari lenyewe. Kwa njia hiyo, apu isiyo na ruhusa yoyote ingeweza kubadilisha faili za mfumo na kujipa mamlaka yote ya simu.

Torvalds mwenyewe aliwahi kuliona tatizo hili na kujaribu kulirekebisha mwaka 2005. Rekebisho lake likaleta shida kwenye aina fulani ya kompyuta kubwa za IBM, likaondolewa. Kuanzia toleo la mwaka 2007, mwanya ukawa unaweza kutumiwa kweli. Ulikuja kujulikana Oktoba 2016, wakati mtaalamu Phil Oester alipochunguza shambulio kwenye seva na kukuta wavamizi tayari wanautumia. Torvalds aliuziba kwa mistari michache tu ya msimbo.

Pesa zinaingilia wapi?

Google iliweka dawa hiyo kwenye masasisho ya usalama ya Android ya mwishoni mwa 2016. Lakini Septemba 2017, kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza kuwa imepata virusi vya Android vinavyotumia ufa huo huo. Viliitwa ZNIU. Vilikuwa vimejificha ndani ya apu zaidi ya 1,200, nyingi zikiwa za picha za ngono, nyingine za michezo. Vilipatikana katika nchi zaidi ya 40, na waathiriwa wengi walikuwa China na India.

Nchini China, virusi hivyo vilitumia malipo ya SMS kutoa pesa za mwenye simu, kama yuan 20 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo ili asishtuke. Kisha vilifuta jumbe za muamala. Mtu anakatwa pesa na hana hata meseji ya kumwonyesha.

Zingatia tarehe. Dawa ilikuwepo kwa miezi mingi, lakini kuna simu ambazo haikuwa imezifikia. Rekebisho hutoka kwa watu wa Linux, likaenda Google, likaenda kwa aliyetengeneza simu yako, halafu likakufikia wewe. Hatua ya mwisho ni kidole chako.

Na usidhani sasisho moja linatosha. Mwishoni mwa 2017, watafiti waligundua kuwa rekebisho la Dirty COW lenyewe liliacha mwanya mwingine, ukazibwa pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kazi ya kuziba haina siku ya mwisho.

Fanya hivi leo

1. Angalia tarehe. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha toleo la Android. Utaona tarehe ya sasisho la usalama. Kama ni ya zamani, tafuta sasisho jipya.
2. Okoa bando. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, simu ikiwa kwenye chaji. Usiku ni wakati mzuri.
3. Pata apu kutoka Google Play. Usiweke apu uliyotumiwa kwa WhatsApp au kwenye tovuti usiyoijua.
4. Unanunua simu ya mtumba? Angalia tarehe hiyo kabla ya kulipa. Simu isiyopokea masasisho tena ni bei rahisi kwa sababu.
5. Usitegemee meseji pekee. Kila mwezi omba taarifa ya akaunti yako kwenye menyu na uipitie, hata miamala ya shilingi 20 au 50. Ukiona usioujua, pigia huduma kwa wateja mara moja.

Kuna mtu mahali fulani ameshakurekebishia simu yako, bila malipo. Notisi ikija tena, bonyeza "Sakinisha".