Vali Tatu Zinazolinda Kipimo cha Gesi

Bomba kuu la gesi linaweza kubeba presha ya baa 100, takriban mara 50 ya presha ya tairi la gari dogo. Ndani yake mafundi hufunga bamba lenye tundu. Gesi ikibanwa kupita hapo presha hushuka kidogo, mara nyingi chini ya nusu baa, na kutokana na tofauti hiyo muuzaji na mnunuzi hujua gesi kiasi gani imepita.

Kihisi kinachopima tofauti hiyo kina pande mbili, na kila upande unasukumwa na baa 100. Pande zikilingana, hakidhuriki. Upande mmoja ukifunguliwa peke yake, kinabeba mzigo unaozidi mara 200 ya kile kinachopaswa kupima.

Watengenezaji wamepambana na tatizo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1969 kampuni ya Rosemount ya Minnesota, Marekani, ilileta modeli ya 1151, ambayo kiwambo chake cha chuma husogea milimita 0.1 tu ndani ya mafuta. Presha ikizidi, hulalia ukuta uliochongwa kukipokea. Honeywell ilitoa ST 3000 mwaka 1983, Rosemount ikaleta 3051 mwaka 1988, na Yokogawa ya Japani ikaingia na kihisi cha silikoni mwaka 1991. Modeli ya 3051 inayopima hadi baa 0.62 inaweza kustahimili baa 250.

Hata hivyo, kihisi kilichonusurika kinaweza kuwa kimepoteza sifuri yake, na hasara hiyo haionekani kwa macho. Mtiririko hukokotolewa kwa kipeuo cha pili cha tofauti ya presha. Kwa hiyo sifuri ikipanda asilimia 1 tu, mtiririko wa asilimia 10 utasomeka 14.

Kinga kuu ni seti ya vali tatu: mbili za pande na moja ya kusawazisha. Wakati wa kuwasha, fundi huanza na ya kusawazisha, kisha hufungua taratibu ya presha kubwa. Pande zikishalingana, hufunga ya kusawazisha na kumalizia na ya presha ndogo. Kwenye mvuke, zote tatu hazifunguliwi kwa pamoja, kwani maji yanayokikinga kihisi na joto yatasukumwa nje.

Vali hizo pia humwezesha fundi kukagua bila kung'oa chombo. Akifunga upande mmoja na kusawazisha, skrini inapaswa kusoma sifuri. Isiposoma hivyo, hitilafu hujulikana kabla ankara haijaandikwa.