Saa janja ya bei kali: pambo la mkono au mtaji uliozama?

Mvuvi wa Chovae anayepeleka kamba kochi Kismayo huhesabu fedha zake kwa dola, na mara nyingi huzipokea kwenye simu. Msimu ukiwa mzuri, fedha hizo hutafuta mahali pa kukaa. Zamani zilikaa kwenye bangili ya mke au mkufu wa binti. Siku hizi vijana wanatazama mkono wa jamaa aliyerudi kutoka Dubai, wenye saa janja inayowaka kioo kila akiinua kikombe cha chai.

Ni saa ya kupendeza, hakuna ubishi. Lakini mwenye kuinunua kwa nia ya kuiuza baadaye anapaswa kujua kisa cha mwaka 2015. Mwaka huo kampuni ya Apple ilitoa saa janja ya dhahabu ya karati 18, bei yake kati ya dola 10,000 na 17,000. Kufikia 2018 haikuweza tena kupokea programu mpya. Mwaka 2023 kampuni yenyewe iliiingiza kwenye orodha ya bidhaa zilizopitwa na wakati, isizozitengeneza tena. Mashine iliyokuwa ndani ikawa haina soko la maana; iliyobaki na bei ya kueleweka ni dhahabu, na hiyo sonara huipima kwa gramu kama bangili yoyote.

Ikiwa dhahabu haikuiokoa ile, titani haitaiokoa hii. Apple Watch Ultra iliingia sokoni 2022 kwa dola 799, na hiyo ni bei ya Marekani kabla ya kodi. Kila Septemba hutangazwa matoleo mapya, na ya zamani hushuka. Mchuuzi anayeingiza mzigo Agosti anajitafutia hasara. Anayesubiri Oktoba hununua toleo la jana kwa bei nafuu. Betri nayo huchoka, iwe saa imevaliwa na tajiri au maskini.

Kwa wavuka mpaka kuna jambo jingine. Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na wapo wanaodhani kwamba kila kitu sasa kitapita bure hadi Lamu au Tanga. Sivyo. Utaratibu rahisi wa jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo, wenye kikomo cha dola 2,000 kwa shehena, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Saa iliyoundwa China haimo, hata ikiwa imenunuliwa Kismayo. Inaweza kutozwa ushuru, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania. Faida ya saa mbili tatu humalizikia forodhani.

Wateja pia ni wachache kuliko wanavyoonekana. Apple Watch haifanyi kazi bila iPhone, na saa za Samsung tangu Galaxy Watch4 ya 2021 haziungani na iPhone. Katika mji ambao wengi wana simu za Android, mwenye Apple Watch ya kuuza anaweza kukaa nayo muda mrefu. Na baharini? Saa hizi huhimili maji, lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, na maji ya chumvi yanataka kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mara. Saa iliyoishi ndani ya mashua si sawa na iliyoishi ofisini, hata zikifanana sura.

Anayetaka kuivaa, basi aivae kwa raha yake, kwa fedha ambazo hazihitajiki kununua nyavu wala kutengeneza mashine ya mashua. Anayenunua iliyotumika aiwashe palepale, aiunganishe na simu yake mwenyewe na aangalie hali ya betri kwenye mipangilio. Ikiwa inadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza, imefungwa, na fundi wa sokoni hawezi kuifungua kihalali. Muuzaji akisema nenosiri liko kwa ndugu yake Dubai, ampigie huyo ndugu kwanza. Fedha zisubiri mfukoni.